Pete ya Gurudumu la Nyuma

Siku tano za wiki mume wangu ni karani. Jumamosi ni fundi wa kujipachika. Lile lori kuukuu, alilolikuta na majani yameota hadi kwenye injini, nililiita mke mwenza, maana mwisho wa wiki lilikuwa linampata kuliko mimi, na akitoka kwake ananuka grisi.

Siku hiyo alikuwa anajaza upepo gurudumu la nyuma. Malori ya zamani yana pete nene ya chuma inayolibana tairi kwenye ringi. Pete ikikaa vibaya halafu upepo ukajaa, inaruka kwa nguvu ya kung'oa kichwa. Fundi wa matairi alishamwambia: "Bosi, hii niletee mimi, nina kizimba cha chuma cha kujazia." Sikio la kufa halisikii dawa. Akaazima kompresa, akalilaza gurudumu uani, akapiga goti juu ya ile pete.

Mimi nilikuwa naanika nguo karibu naye. Nikageuka kumwambia chai inapoa, nikaona pete upande wangu imenyanyuka, pengo la kuingia kidole. Yeye alikuwa ameinamia upande wa pili, anapiga mluzi.

Nikachomoa waya wa kompresa ukutani.

"Nani kazima?" akafoka.

"Baba watoto, usitikisike. Tazama huku kwangu."

Akatazama. Mluzi ukamfia mdomoni.

"Nikiinua goti inaruka," alisema kwa sauti ndogo. "Upepo bado umo. Ingia ndani, funga mlango."

"Upepo unatolewaje?"

"Mama watoto, ingia ndani!"

"Nimekuuliza unatolewaje!"

Akaniambia. Vali, pale upepo unapoingilia, ilikuwa upande wangu: nichomoe mpira wa kompresa, nibonyeze kipini cha katikati kwa ncha ya msumari, nisiiguse pete. Nikaokota msumari kati ya vifaa vyake, nikalala kifudifudi kwenye matope ya maji ya kufulia. Nikachomoa mpira, nikabonyeza kipini. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kujifungua, maana kule walau niliruhusiwa kupiga mayowe.

Upepo ukaanza kutoka, polepole, kama unatukebehi. Ndani watoto walikuwa wanaicheka televisheni. Nilimwomba Mungu asitoke hata mmoja kuuliza chai. Mara pete ikalia, ka! Sote tukafumba macho.

"Ikitokea," akasema, "watoto wasinione."

"Nyamaza. Wewe na lori lako mnyamaze."

Nikaendelea kubonyeza. Jasho lake lilikuwa linadondoka juu ya chuma, nami sikuthubutu kuutoa msumari ili nijifute matope machoni. Hatimaye sauti ya upepo ikaisha kabisa. Nikabonyeza tena, na tena, nisiamini.

Akainua goti. Pete ikateleza yenyewe, hakuna aliyeigusa, ikaanguka chini kwa mlio mdogo kama mfuniko wa sufuria.

Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyepagawa, akisema basi, gurudumu atalipeleka kwa fundi, kesho asubuhi, anaapa. Mimi sikucheka. Nilimshika uso kwa mikono yangu ya matope, nikampapasa paji, pua, meno, kidevu. Vyote vilikuwa mahali pake. Ndipo nikalia.