Koti la Nzomo Langoni

Mwaka ule wa mvua ya Elnino, mto Chania ulikuwa ukishuka na majani mengi kuliko maji, na alasiri moja taa zikazimika kijiji kizima. Waithira hakuuliza. Majani yalikuwa yameziba tena gurudumu la umeme ambalo mumewe, Nzomo, alilichomelea kwa vyuma chakavu vya viwanda vya Thika.

Gurudumu likiziba, Nzomo hufunga lango la maji kule juu, akatundika koti lake pale, kisha akashuka kuingia kwenye sanduku la gurudumu. Koti likiwa langoni, lango haliguswi. Hata watoto walilijua hilo.

Waithira pia alilijua. Lakini alipopita akaliona linalowa, alichokumbuka ni kifua cha mumewe kilichokohoa wiki nzima. Akalichukua, akamshukia nalo.

"Baba Kui, vaa koti. Utakufa na baridi."

Sauti ikatoka ndani ya sanduku. "Koti gani?"

"Lako. La langoni."

"Mama Kui," Nzomo akasema polepole, "lirudishe. Kimbia. Mguu wangu umebanwa."

Akapanda mbio, tope likimvuta nyuma, mto ukimeza kelele zake zote. Langoni alimwona Ayub kinyozi, mikono miwili juu ya ubao wa lango, akiuinua.

"Wacha! Ayub, wacha!"

"Mama Kui, nina mzee kwa kiti, kichwa nusu uwanja nusu msitu! Na koti silioni, nikajua Nzomo amemaliza..."

Waithira akajitupa juu ya ubao kwa uzito wake wote. "Yuko ndani!"

Ayub naye akaukandamiza. Ubao ulishuka, lakini maji yaliyokwisha kupita yalisikika yakinguruma ndani ya bomba, yakiteremkia gurudumu.

Walishuka. Sanduku lilikuwa likivuja kila upande.

"Baba Kui?"

Akagonga sanduku kwa ngumi.

"Nzomo!"

Ndipo akakisikia: kikohozi kile kile kilichomnyima usingizi wiki nzima, kikavu, kirefu, kitamu.

"Leta mtaimbo," Nzomo akasema. "Na nani yuko langoni?"

Hakukuwa na mtu. Ayub akaushika mtaimbo. Waithira akapanda tena, akalitundika koti mahali pake, likalowa hadi likatiririka, naye akaukalia ubao.