Mikono ya Bi Mvua

Fundi wa kompyuta aliigeuza kibodi kifudifudi juu ya gazeti la jana, akaigonga mgongoni mara tatu. Zikadondoka chembe za mkate, pini mbili za stepla, nusu ya ukucha na punje ya sukari iliyoota vumbi. Akalikunja gazeti na vyote vilivyokuwamo, akalitupa kwenye pipa, ndipo akauliza tatizo lilikuwa nini hasa.

"Kibodi inaandika yenyewe," akasema karani wa masijala ya viwanja. "Na mausi inakimbia. Nikiishika inanivuta."

"Inakuvuta kwenda wapi?"

"Kwenye faili. Lile lile kila siku."

Fundi akaguna. Miaka kumi na tisa ya kazi hii ilikuwa imemfundisha kwamba watu huzisingizia mashine mambo mengi. Akaanza pale anapoanzia kila fundi, yaani kuzima na kuwasha. Akachomoa waya wa kibodi kwenye tundu la mbele, akauchomeka la nyuma. Akasafisha tumbo la kipanya kwa pamba na spiriti, akakiwekea karatasi nyeupe chini, maana meza ya kioo huwa inavichanganya vipanya vya taa. Akatafuta virusi akapata viwili, lakini vilikuwa virusi vya kawaida tu, visivyo na shughuli yoyote na viwanja. Mwishowe akatoa mkobani kibodi mpya na kipanya kipya, vyote bado vikiwa ndani ya nailoni, akavichomeka.

Alikuwa amefika mapema, kabla ofisi haijafunguliwa rasmi. Ilipotimia saa mbili kamili, mikono miwili ya mwanamke mtu mzima ikaingia kupitia dirisha, ikatua juu ya kibodi mpya, ikaanza kuandika.

Iliishia kwenye vifundo, pale ambapo pindo la mkono wa blauzi lingeanzia. Ilikuwa safi, imepakwa mafuta, na wa kushoto ulikuwa na pete ya fedha. Wa kulia ukaacha vitufe, ukashika kipanya, ukafungua faili, kisha ukarudi kwa mwenzake.

"Mbona hukuniambia kwamba ni mikono?" fundi akauliza.

"Hukuuliza," akasema karani. "Umeuliza kibodi, nimekujibu kibodi. Mikono nimeikuta. Mwenzangu aliyehamishwa alikuwa anafanya kazi saa ya chakula, mikono ikienda kuota jua pale dirishani. Mimi saa ya chakula nakula."

Fundi akatoa fomu yake ya matengenezo. Ilikuwa na sehemu ya skrini, ya kibodi, ya kipanya, ya printa na ya mengineyo. Akaandika "mikono" chini ya mengineyo, akakaa kitini kusubiri aone inavyofanya. Hapo ndipo sauti ya vitufe ilipomwingia masikioni, matone machache mepesi, kisha kishindo cha mfululizo kama mvua iliyolikuta bati. Akaacha kuandika. Katika ofisi zote alizowahi kutengeneza mashine, alimjua mtu mmoja tu aliyechapa namna ile, na ofisi nzima ilikuwa ikimwita Bi Mvua.

Unga wa Bi Mvua ulimwagika miaka miwili iliyopita. Ilikuwa hivi. Kiwanja cha seremala mmoja, namba 214, kiliingia kwenye kompyuta kama 2144. Kiwanja 2144 kipo korongoni, mahali ambapo hata mbuzi hashuki mara mbili. Kwa hiyo nyumba ya seremala, iliyokuwa imesimama pale pale pake kwa miaka ishirini, ikaonekana imejengwa kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe. Greda likaja asubuhi, na kufikia adhuhuri kiwanja kilikuwa na mwenyewe mwingine. Seremala mpaka leo anaishi chumba cha uani kwa shemeji yake. Malalamiko yalipofika juu, ikaagizwa mashine ikaguliwe, na aliyeitwa kuikagua alikuwa fundi huyu huyu.

Siku ile ilikuwa Ijumaa, na printa ya ofisi nyingine ilikuwa inamsubiri. Alifanya jaribio lake la siku zote, akaandika "habari habari habari", na herufi zote zikaitika. Bi Mvua alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameifumbata.

"Jaribu nne, mwanangu," alimwambia. "Ile nne ya kulia, kwenye namba. Ukiigusa mara moja inatoka mara mbili. Kila siku naifuta, hii moja ikanipita."

"Nimejaribu, mama," fundi akasema.

Hakuwa amejaribu. Aliandika kwenye fomu: kifaa kizima, kosa la mtumiaji. Akatia sahihi, akawahi printa yake.

Sasa akainuka, akaomba ufunguo wa stoo. Kibodi ya zamani aliikuta chini ya mafeni mabovu, vitufe vyake vimesuguliwa na vidole mpaka herufi zimefutika. Akaichomeka kwenye kompyuta ya karani wa pili, akagusa nne ya kulia mara moja. Zikatokea nne mbili. Akagusa tena, zikawa nne nne. Aliona aibu, ile aibu inayopanda mpaka masikioni ingawa hakuna anayekutazama. Sekunde moja tu. Jaribio zima lingemla sekunde moja.

Saa ya chakula alikwenda nyumbani kwa Bi Mvua. Alimkuta amekaa sebuleni, mtandio umeteremka mpaka mapajani, na binti yake akimlisha kwa kijiko. Fundi akaamkia, akakaribishwa kiti.

"Mikono yangu haijambo huko?" akauliza Bi Mvua. "Haisumbui watu?"

"Inasumbua kidogo, mama."

"Nimeikataza mpaka nimechoka. Jumatatu ile ya kwanza baada ya kufukuzwa, ilipofika saa moja na nusu, ikaondoka. Haikuaga. Inarudi saa kumi na nusu, na Jumamosi na Jumapili ninayo. Sikukuu pia."

"Sikukuu za serikali tu," akasema binti, akimfuta mama yake mdomo. "Harusi ya mdogo wangu ilikuwa Alhamisi. Mama amemkabidhi bintiye kwa mume bila kumshika."

Fundi akatazama sakafu. Bi Mvua alimeza, akageuza uso pembeni kidogo. Hata kushika tama alikuwa hawezi mpaka saa kumi na nusu.

"Siitaki kazi," akasema. "Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, ungekuwa umeshakwisha. Lakini yule seremala tunasali pamoja, na akiniona anahama benchi. Anaamini ni mimi niliyemvunjia nyumba. Wewe andika tu kwenye fomu yako kwamba ile nne ni mbovu, mwanangu. Basi. Mikono ikiona nne imeandikwa, itakaa nyumbani."

"Nitaiandika, mama," fundi akasema, na safari hii alikuwa na nia kweli.

Aliporudi ofisini mikono ilikuwa imeshashuka dirishani na kuendelea na kazi. Akasimama nyuma yake akaitazama vizuri. Ilifungua faili la seremala, ikaifuta 2144, ikaandika 214, ikabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kompyuta ikajibu kwamba kumbukumbu imefungwa na haiwezi kurekebishwa bila ripoti ya fundi inayothibitisha ubovu wa kifaa. Mikono ikasubiri kwa adabu, kisha ikaanza upya. Katika faili zima ripoti ya fundi ilikuwamo moja tu, na sahihi yake ilikuwa pale chini, nzuri, yenye mkia mrefu wa mtu mwenye haraka.

Akachukua kibodi ya zamani kwapani, akabisha kwa mkuu wa masijala.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akajaribu nne mwenyewe, akaziona mbili. "Ni kweli," akasema. "Ni mbovu."

"Basi niandike ripoti nyingine, mkuu."

"Andika. Utaandika kwamba ile ya kwanza ulidanganya. Sasa niambie, ofisi zetu ngapi zinatengenezewa mashine kwa sahihi yako?"

"Kumi na moja."

"Zote kumi na moja zitaanza kujiuliza. Na pale kwa seremala sasa kuna ghorofa, watu wamo ndani, mapazia yameshatundikwa. Faili hilo tukilifungua, mimi na wewe hatutalifunga." Akamrudishia kibodi, kwa upole, kama anayerudisha sahani kwa jirani. "Ndugu yangu, kosa ulilifanya, limeshakuwa. Leo umeitwa kutengeneza kibodi na mausi. Mwache karani afanye kazi."

Fundi akairudisha kibodi kwapani. Alikuwa na maneno, na mengine yalikuwa mazuri. Lakini alikuwa pia na watoto wanne na hizo ofisi kumi na moja, na kalamu ikamwia nzito. Akasema, "Sawa, mkuu."

Jioni hiyo, mikono ilipokwisha kuondoka, alivuta meza ndogo mpaka karibu na dirisha. Juu yake akaweka kibodi ya zamani na kipanya kilichokufa zamani, akavipanga kama vinavyopangwa siku zote, kipanya kulia. Nyaya akazipitisha nyuma ya meza, zikateremka mpaka sakafuni, na huko hakuzichomeka mahali popote. Ilikuwa kazi safi. Mtu akiingia asingejua.

Kesho yake saa mbili mikono ikaja. Ikasita hewani baina ya meza mbili, na fundi, aliyekuwa amekuja kuhakikisha, akatamani iende kwenye kibodi mpya. Ikaenda kwenye ya zamani. Iliijua. Ikaipapasa kwanza, kitufe kwa kitufe, hata nne ya kulia, kisha mvua ikaanza kunyesha upande ule wa dirishani, na karani akafungua kompyuta yake ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

"Fundi, Mungu akubariki," karani akasema. "Kumbe ilikuwa kitu kidogo tu!"

Mkuu akapita, akatazama, akatia sahihi fomu ya matengenezo kwamba tatizo limekwisha. Fundi angeweza kuondoka. Badala yake akabaki akifunga mkoba wake polepole, bisibisi moja moja, akiyajutia makosa yale mawili, la Ijumaa ile na la jana, na hakujua lipi lilikuwa kubwa.

Saa tatu na robo mkono wa kushoto uliacha kuandika. Ukaushika waya mahali unapotokea kwenye kibodi, ukaanza kuufuata, taratibu, kwa vidole viwili, ukashuka nao nyuma ya meza mpaka sakafuni. Ukafika mwisho. Kidole gumba kikaipapasa ile ncha ya bati isiyochomekwa popote, upande huu na upande ule, kikabaki hapo.

"Nisamehe, mama," fundi akasema kwa sauti ya chini, lakini mikono haina masikio.

Mkono ukaukunja ule waya vizuri, mizunguko mitatu, ukauweka chini ya mguu wa meza mtu asije akajikwaa. Kisha ukapanda tena juu kwa mwenzake, na vidole vyote kumi vikaendelea kuandika 214.