Kadi ya Saa Kumi na Moja

Jumanne hiyo Tokuji Shimokubo alikuwa ameweka pampu mbili za petroli juu ya gazeti, kwenye sakafu ya gereji yake huko Kaita, akizigeuzageuza kama mtu anayechagua samaki sokoni. Moja ilikuwa ya asili, iliyotoka na gari. Nyingine ilikuwa kubwa na mpya. Ilipotimia saa kumi na moja na robo jioni, mwanawe Mikio aliingia, akavua kofia ya kazi, akaketi juu ya tairi. Mikio alikuwa amekufa Februari ya mwaka uliopita.

"Nimerudi," alisema.

"Karibu, pole na kazi. Hebu niambie, hii pampu ya zamani ina ubaya gani?"

Mikio alianza kuja siku iliyofuata baada ya mtawa wa Kibudha kumsomea sala za siku ya arobaini na tisa tangu kufa kwake. Alikuja kila siku isipokuwa Jumapili. Majirani walimwamkia, naye aliwaitikia. Gari lilikuwa lake, la milango miwili, lenye injini ile isiyo na pistoni, yenye pembetatu mbili zinazozunguka. Halikuwa na turbo. Lilivuta hewa kwa pumzi yake lenyewe. Kabla hajafa, Mikio alikuwa amezipanua tundu za hewa, na sasa injini ilivuta hewa nyingi kuliko petroli iliyopewa.

"Inatosha hii," alisema Tokuji, akiigonga pampu ya zamani kwa kidole. "Miaka thelathini na moja nimeziunda injini hizi. Wewe ulikuwa bado unanyonya."

"Inatosha ukienda nayo dukani kununua tofu, Baba. Ukipandisha mlima kwa kasi inabaki na kiu."

"Ikiwa na kiu nitaisikia."

"Hutaisikia. Hii hainung'uniki. Utaona inakwenda vizuri tu, tena inazidi kuchangamka, mpaka sili za kwenye ncha za pembetatu zinaungua."

Tokuji aliisukuma pampu ya zamani pembeni kwa mguu, na siku hiyo wakakubaliana juu ya pampu kubwa.

Alipokuwa hai, Mikio hakuwahi kufika nyumbani kabla ya saa saba usiku. Mama yake, Fusae, alimwekea chakula mezani kila jioni, akakifunika kwa karatasi ya nailoni, akalala. Kisha asubuhi moja akapigiwa simu kwamba mwanawe ameanguka kiwandani kando ya mashine yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kiwanda kilileta shada la maua meupe na nakala za kadi zake za mahudhurio. Zote zilionyesha kwamba alitoka kazini saa kumi na moja kamili. Kutoka kiwandani hadi nyumbani ni mwendo wa robo saa kwa baiskeli.

Tokuji hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa msimamizi katika kiwanda hichohicho. Ndiye aliyemwambia mwanawe, siku yake ya kwanza kazini, kwamba mtu mwenye adabu hugonga kadi saa kumi na moja, kisha hurudi kwenye mashine, ili kundi lake lisiaibike kwa saa za ziada. Samaki mkunje angali mbichi, na Tokuji alikuwa amemkunja vizuri sana. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: karatasi yenye muhuri ikisema kwamba kazi ndiyo iliyomuua mwanawe. Alikuwa amepeleka maombi ofisi ya kazi ya serikali mara mbili; ya pili yalikuwa bado yanachunguzwa.

Wiki iliyofuata baba na mwana walibishana juu ya kabureta. Tokuji alikuwa nayo moja kwenye boksi, aliyoitunza tangu ujana.

"Inalia vizuri hii," alisema.

"Inalia vizuri, inakula vibaya. Tuweke nozeli nne za kupulizia petroli, Baba. Mbili zifanye kazi siku zote, mbili kubwa ziamke gari likishika kasi. Na bomba la kurudisha petroli kwenye tangi, ili presha isiyumbe."

"Mnapenda makorokoro nyinyi."

Lakini aliziagiza. Ijumaa alikuwa akizifunga, mkono wa Mikio ukimshikia taa, wakati Bi Hamaoka, aliyetumwa na ofisi ya kazi kuchunguza maombi, alipokuwa amekaa barazani akinywa chai ya shayiri. Alikuwa amekuja mapema, akamwona Mikio akiingia, akatazama saa yake, akainama kwa heshima, akaandika.

"Amefika saa kumi na moja na robo," alisema. "Sawasawa na kadi."

"Mwanangu amekufa, Bi Hamaoka," alisema Fusae.

"Najua, mama, na poleni sana. Lakini fomu inauliza saa ya kufika nyumbani. Haiulizi hali."

Alimwomba Mikio agonge muhuri wake wa jina badala ya sahihi. Mikio hakuwa nao, kwa hiyo Fusae akaleta wa familia. Jibu lilikuja baada ya siku kumi: maombi yamekataliwa, shahidi mkuu akiwa marehemu mwenyewe, aliyeonekana akifika nyumbani mapema.

Jumatatu gari lilikuwa tayari. Tokuji alipima mafuta ya pikipiki kwa kifuniko, akayachanganya na petroli kama injini hizo zinavyopenda, akawasha. Injini ilinguruma, ikatulia. Ilikuwa na petroli ya kutosha kupanda mlima wowote. Aliketi kiti cha abiria, akaacha mlango wa dereva wazi.

"Ingia. Mpitie mama yako, tuvuke mlima mpaka bahari ya upande wa pili. Uliahidi."

Mikio aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki nusu saa kutimia saa kumi na mbili. Akavaa kofia.

"Kuna kazi imebaki kiwandani, Baba. Wenzangu wote wako kwenye mashine."

"Kadi umeshagonga!"

"Ndiyo. Nimegonga kama ulivyonifundisha."

Tokuji alitaka kumshika mkono. Badala yake alishuka, akazima injini, akamfungulia geti.

"Nakwenda, nitarudi," alisema Mikio, akipanda baiskeli.

"Nenda, urudi," alijibu baba yake.

Jikoni, Fusae alikuwa anakifunika chakula.