Kabla Makofi Hayajatulia

Kwanza zilisikika ndara. Hazikuwa zikitembea, zilikuwa zikitafutwa. Katika giza la alfajiri, chumba cha pili, mguu wa mtu ulipapasa sakafu kwa adabu, ukagonga ndara moja, ukanyamaza kama mwizi aliyekanyaga sahani, kisha ukaanza tena kupapasa. Nilitabasamu peke yangu. Jana yake mama mkwe wangu alikuwa ameapa, mkono juu, kwamba hataamka kabla ya jogoo ili kumtazama mwanawe kwenye kioo cha simu. "Mimi nilimzaa mzima mzima," alisema. "Sitaki kumwona vipande vipande."

"Mama, njoo tu," nikanong'ona. "Chai iko tayari."

"Kakwambia nani nakuja? Naenda msalani."

"Msala uko upande ule."

"Njia ni nyingi," akajibu, akaketi kitandani kwangu na kuvuta blanketi hadi magotini.

Kule alikokuwa mume wangu ilikuwa bado jioni, jioni ya kiangazi isiyotaka kuingia giza, na tamasha la jazi lilikuwa likirushwa moja kwa moja. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja. Niliiegemeza simu kwenye kitabu changu cha hesabu cha masomo ya jioni, kwa kuwa ndicho kitabu pekee nyumbani chenye unene wa kuegemewa, nikamwamsha Katibu. Ndivyo tunavyomwita binti yetu wa miaka minne, maana hakuna neno linalosemwa chumba hiki asilolifikisha chumba kile, tena kwa nyongeza.

"Baba amejaa?" akauliza akifikicha macho.

"Amejaa, mama. Asilimia tisini."

Nilijibu kwa mzaha, lakini moyo ulinichoma. Kwa miezi mitatu baba yake alikuwa uso na sauti ndani ya simu, na Katibu alikwisha kuupanga ulimwengu kwa namna iliyomfaa: simu ikizimika, baba amelala, ikichomekwa ukutani, baba anakula. Wiki iliyopita alimwambia mwalimu wake wa chekechea kwamba baba hawezi kuja kwenye kikao kwa sababu anachajiwa. Mwalimu alicheka hadi akashika ukuta. Nami nilicheka. Kisha nikaenda kazini kwa dobi, nikasimama mbele ya meza ya pasi, nikaunguza kola ya shati la mteja. Tangu niajiriwe sikuwa nimeunguza hata leso.

Ndiyo maana jibu nilikuwa nimeshaliandika. Mume wangu alikuwa ameniletea ujumbe: kiongozi wa bendi anataka abaki nao mwaka mzima, wakizunguka mji hadi mji, na atataka kauli yake mara tu wakishuka jukwaani. "Tazama kwanza," aliandika. "Halafu niambie nibaki au nirudi. Utakalosema ndilo." Nikaandika neno moja, *Rudi*, lakini sikulituma, kwa kuwa kaniambia nitazame kwanza. Lilikuwa limekaa pale, likisubiri kidole changu.

"Na hicho kidole kinasubiri nini?" aliuliza mama mkwe, ambaye habari zote alikwisha kuzipata kwa Katibu.

"Muziki uishe, Mama."

"Ungekuwa mkwe mbaya ningejua la kukuambia. Tatizo wewe ni mzuri, inabidi nifikiri."

Bendi ikapanda. Mume wangu hupiga besi, ile kubwa ya kusimama, mithili ya fidla iliyonenepa hata ikashindwa kubebwa begani. Mama yake huiita mke mwenzangu. Mpiga besi ni chumvi: akiwapo hakuna amtajaye, akikosekana kila mtu anakunja uso. Na kamera nazo zilikuwa hazina habari na chumvi. Zilituonyesha mashavu ya mpiga tarumbeta yakivimba. Zilituonyesha vidole vya mpiga piano, jasho la mpiga dramu, watu waliojilaza majanini wamevua viatu. Mara moja tukapata kiwiko.

"Kile cha nani?" akauliza Katibu.

"Cha baba yako," nikasema.

"Kingine kiko wapi?"

"Huyu mpiga picha hana mama?" Bibi yake alikwisha kuvaa miwani na kukisogelea kioo. "Mwanangu wamemsukumia nyuma kama kiti kibovu. Hebu geuza, we! Geuza kulia!"

"Hakusikii, Mama."

"Asinisikie, lakini ajue."

Kiduara cha mtandao kikazunguka, kisha picha ikarudi. Wimbo ulikuwa umebadilika. Niliutambua kwa noti mbili za kwanza, kama unavyoutambua mlango wako kwa namna ufunguo unavyokwama. Ni wimbo alioufanyia mazoezi chumbani humu mwaka mzima, jioni baada ya jioni, mimi nikitoka darasani na yeye akitoka kupaka rangi nyumba za watu. Tarumbeta ikashuka, piano ikajitoa, na besi ikabaki peke yake. Kamera ilimtazama mpiga tarumbeta akijifuta midomo. Basi tukasikiliza.

Alianza chini, taratibu, kwa sauti ile inayoingia kwenye mbavu kabla ya masikio. Akapanda, akazunguka, akapanda tena. Na pale mkono ulipotakiwa kuteremka hadi karibu na tumbo la besi, kwenye noti nyembamba kabisa, akanyamaza. Mpigo mmoja, labda na nusu. Mpiga dramu, akidhani ni makusudi, akaudondoshea ukimya ule mguso mmoja mdogo wa kijiti. Watu wakapiga kelele za shangwe. Kisha noti zikaja, safi, moja baada ya moja, kama maji yaliyopata upenyo.

"Amesahau!" Mama mkwe alinishika goti.

"Hapana, Mama. Ni kabati."

"Kabati gani?"

"Hili hapa nyuma yako."

Chumba chetu kina kitanda, kitanda cha mtoto, na kabati. Besi husimama kwenye nafasi iliyobaki, na mwenyewe husimama kwenye nafasi iliyobakizwa na besi. Kila alipofika pale kwenye noti nyembamba, kiwiko kiligonga mlango wa kabati, *ko*, na Katibu akaamka akilia. Baada ya siku chache alijifunza kusita: anavuta mkono, anageuza bega, anapita, ndipo anaendelea. Mwaka mzima hivyo. Na sasa, kwenye jukwaa pana ambapo angeweza kurusha mikono yote miwili asiguse hata upepo, alikuwa amelikwepa kabati letu.

Mama mkwe alilitazama kabati, akaitazama simu, akalitazama tena. Kicheko kilimwanzia mabegani. Kilipofika mdomoni alijiziba kwa blanketi, machozi yakimtiririka chini ya miwani. "Mwanangu mimi! Kusafiri kote huko! Akili haijatoka chumbani!"

Mtangazaji naye, kwa sauti ya mtu aliyeonja kitu kitamu, alikuwa akiusifu ukimya ule, akisema ni wa msanii aliyekomaa. Hapo tulicheka hadi Katibu akakasirika.

"Nyamazeni! Sisikii!"

Tukanyamaza. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba alikwenda kule kupata nafasi ya kunyoosha mkono, na kwamba mtu akishanyoosha mkono hakunji tena. Kumbe mkono wenyewe ulisafiri na chumba: na kabati, na pumzi ya mtoto, na mimi niliyeketi juu ya ndoo iliyogeuzwa nikitafuta thamani ya *x* huku nikimwambia, "Taratibu, utamwamsha." Hilo halikunipunguzia upweke hata punje. Kesho kitanda kitakuwa kipana vilevile, na mtihani wangu utanikuta vilevile. Lakini nilipolitazama lile neno langu moja, niliona nimeliandika kwa mtu aliyekwisha kuondoka, na mtu huyo sikumsikia asubuhi hii.

Wimbo ukaisha. Watu waliojilaza majanini wakasimama. Bendi ikainama, na kamera, kama iliyoona haya, ikampitia mume wangu mara moja: amekonda kidogo, shati halijanyooka, anaifuta besi shingoni kwa kitambaa.

"Nani amempigia pasi lile shati?" nikasema.

"Ndilo uliloliona?" Mama mkwe alivua miwani, akaifuta polepole kwa pindo la blanketi. "Wanashuka. Mjibu mwenzako."

"Nimjibu nini, Mama?"

"Mimi usiniulize. Mimi nilitaka arudi tangu siku ile anafunga begi." Akairudisha miwani usoni. "Hata sasa nataka. Lakini kutaka kwangu nitakaa nako mwenyewe."

Nilifuta herufi moja baada ya nyingine hadi pakabaki peupe. Kidole kikaning'inia. Makofi yalikuwa bado yanamiminika, nje weupe ulianza kugusa dirisha, na Katibu alikuwa ameegemeza sikio lake kwenye simu, si jicho, kama mtu anayesikiliza mlangoni akiwa na hakika kwamba ndani kuna mtu. Akainua uso.

"Mwambie apige tena."