Mwisho wa Kumpendeza Kila Mteja

Msusi alikunjakunja karatasi nyingine akaitupa kwenye pipa la nywele. Balaa gani hili! Riwaya nzima kaiandika kwa raha zake: mume akatoroka, mke akahangaika, mume akarudi akabisha hodi. Sasa mke kasimama nyuma ya mlango wiki nenda wiki rudi, hafungui wala hafukuzi. Na mchapishaji kasema sura ya mwisho isipofika Ijumaa, kitabu basi.

"Sina kipaji, wifi," alisema. "Nilikuwa najidanganya tu."

Wifi yake, mwenzake wa saluni, alikuwa anaosha vitana. "Kipaji unacho, ubaya wako ni mdomo. Kila anayekaa hapo unamsimulia mwisho anaoutaka. Bibi harusi ulimwambia kafungua, wakakumbatiana. Yule aliyeachika ukamwambia kamfungia nje, akacheka mpaka akakohoa. Ukishika kalamu huna wa kumpendeza, unaduwaa."

Maneno hayo yalimuuma Msusi kwa sababu yalikuwa kweli tupu.

Mara jirani akaingia, akajitupa kitini. Mumewe alikuwa amerudi mwezi uliopita baada ya kuhamia kwa mwanamke mwingine, naye akampokea. Kwa hiyo kila alipokuja kusukwa, mke wa kwenye riwaya alifungua mlango.

"Haya, shoga, nimalizie hadithi yangu."

"Leo sisimulii."

"Makubwa! Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Tulia nikusuke."

Alisuka kwa hasira, amefumba mdomo, mwisho wa hadithi unamzunguka kichwani. Alipofika katikati ya kichwa uvumilivu ukamshinda. Akamwacha jirani na nywele nusu zimesimama, akanyakua kalamu, akaandika hapohapo kwenye meza ya mafuta. Jirani alilalamika, wifi alicheka, yeye hakumsikia hata mmoja. Alipomaliza, aliona aibu kumtazama mteja wake machoni.

"Sema basi," jirani akamsihi. "Alifungua?"

Angeweza kumdanganya, ulimi ulishazoea.

"Hakufungua, dada."

Wifi akaacha kuosha vitana. Msusi akashika tena kitana, akijua huenda amempoteza mteja na rafiki kwa siku moja.

"Afadhali yeye," jirani akasema.