Mahali Palipo Sawa

Wajukuu wanaponisumbua, mimi nyanya yao, Dani kwa Kijaluo, huwa nawategea.

"Kitendawili!"

"Tega, Dani!"

"Kipofu wangu anajua mteremko kuliko fundi."

Wakakisia jongoo, wakakisia nyoka, mmoja akasema ni mlevi. Nikawaambia ni maji, na wala sikucheka, kwa sababu asubuhi hiyo huyo kipofu alikuwa ametuaibisha.

Binti yangu Marion analea watoto wa majirani hapa kwetu Langas, mama zao wakienda kazini. Hana kazi nyingine. Mwaka huu mtu amefungua kituo kama chake barabara ya juu, chenye bembea na kile kijumba cha kupulizwa upepo watoto waruke, na wamama wakaanza kuhama mmoja mmoja. Ndipo binamu yake Obonyo akampa bwawa la kuogelea la watoto, lile la kusimamishwa juu ya ardhi, ukuta wa turubai na mabomba ya chuma. Mwajiri wa Obonyo aliliacha akihama. Marion alilia kwa furaha. "Mama, hili likisimama kabla shule hazijafungwa, watarudi wote."

Shida ni kwamba kiwanja chetu kinateremka kama paa la nyumba, na zege ni ya wenye nacho. Basi Marion akafanya vile watu wa huku hufanya. Hapa Uasin Gishu majani ya ngano ni dawa ya kila kitu: ng'ombe anayalalia, viazi vinafunikwa nayo, matope ya langoni yanazibwa nayo. Jirani yetu Chebet, mama Kipyego, akatuletea mzigo mzima kutoka kwa kaka yake anayelima kule Chepsaita. Marion akajaza upande wa chini, akamwaga udongo juu, akakanyaga, akasema pako sawa kama meza. Tukatia maji. Kulipokucha majani yalikuwa yamelala, bwawa limeinama, ukuta umefura kama shavu lenye jino bovu, mara likapasuka pembeni na maji yote yakaenda kwa sukuma wiki ya Chebet.

Chebet akaja kwenye ua, mikono kiunoni. "Mama Marion, ni nani alikutuma uninyunyizie mboga?"

"Hiyo ya leo ni zawadi, mama Kipyego. Ya kesho uje na sabuni uoge."

Akacheka. Nami nikacheka kidogo. Marion hakucheka.

Turubai lilitiwa kiraka. Obonyo akamwambia kwa simu, "Usijaze bondeni. Chimba pale juu mpaka pafanane na chini. Udongo wa kujaziwa hulala, ule wa kuchimbwa hauendi popote." Lakini kule juu jembe liligonga mwamba. Ikabaki sehemu moja tu iliyo sawa, ngumu, iliyoshindiliwa na nyayo zetu miaka mingi. Marion akapatazama, kisha akatazama vidole vya miguu yake.

Ni sakafu ya nyumba yetu ya kwanza.

Ilikuwa ya mbao, ikachomwa katika ghasia za kikabila za Januari ile ya baada ya uchaguzi. Tukakaa kwenye hema kule uwanja wa maonyesho, baridi ikamwingia mume wangu Ogola kifuani, akafa kabla mvua haijaanza. Kwao upande wa ziwa hakuwa amejenga. Sasa sisi Wajaluo, mwanamume hazikwi kama mtu asiye na nyumba, kwa hivyo shemeji zangu wakamsimamishia kibanda cha mabati haraka haraka, akalazwa humo, ndipo akazikwa. Niliwashukuru. Lakini kile kibanda Ogola hakukijua. Nyumba yake ni hii. Niliporudi nilijenga kando, na hapa sikulima, sikuanika hata nguo. Nyasi ikiota naing'oa.

"Mama," Marion akasema jioni, "sikuombi."

"Unaniomba."

"Basi nakuomba. Baba alipenda watoto."

"Usinisemee mume wangu. Baba yako alipenda kulala bila kelele."

Akaenda kukunja turubai. Nikautazama mgongo wake, umeinama kama wa Ogola akitoka kazini. Nikahisi uchovu, si wa mwili. Mtu huchoka kulinda kitu ambacho hakuna anayekuja kukichukua.

Asubuhi nikashika jembe, nikamwambia abaki na watoto. Nyumba ya mbao ikiungua, misumari haiungui, wala vioo. Kimoja tu kikisahaulika, turubai litatoboka tena. Ilibidi udongo wa juu ukwanguliwe wote, uchekechwe, urudishwe ukiwa laini, ushindiliwe, kisha litandikwe zulia kuukuu tulilopewa kanisani. Kazi isiyotaka pesa, ila mgongo ndio unaolipa. Na sikutaka mgeni aokote vitu vyangu.

Jua lilipokuwa utosini sikuwa nimemaliza hata eneo la mkeka. Nilikuwa na ndoo ya misumari iliyopinda, bawaba ya mlango, na sufuria iliyoyeyuka ikawa kama andazi. Kiuno kikagoma. Nikakaa chini.

Chebet akaja na chekeche ya mchanga kichwani. Tangu turudi tumepeana chumvi, maziwa, hata dawa ya kikohozi, lakini hapo alikuwa hajakanyaga. Siku ya moto alijifungia kwake na watoto. Kuhusu waliowasha, watu wa kabila lake, sikumuuliza, naye hakusema. Zamani alikuwa akiingia kwetu kila siku. Akasimama pale pale palipokuwa mlango.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyebisha hodi hapo tangu siku ile. Waliokuja na moto hawakubisha. Nikaisogeza ndoo ya misumari, apate pa kupita.

"Karibu."

"Nianzie wapi?"

"Anzia jikoni, hapo kushoto. Chumba cha kulala nitafanya mwenyewe."

Akapiga magoti jikoni, akaanza. Marion alipotuletea chai alitoka upande wa nyuma, akatuona, akazunguka na sinia lake mpaka mbele, akapitia mlangoni.