Mguu wa Kushoto wa Babu Melkizedeki

Kwa miaka miwili babu yangu alikuwa na miguu miwili nyumbani na mguu mmoja hospitalini. Naeleza jambo hili kwa utulivu kwa sababu nimeshacheka vya kutosha, na kwa sababu mama amesema nikilisimulia tena huku nagaagaa kwenye kochi, atanirudisha bwenini kabla ya siku zangu kuisha.

Nilikuwa nyumbani kwa barua rasmi. Shule ilinisimamisha wiki tatu baada ya kugundua kwamba Brenda Elia, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye jina lake liliitikiwa kila asubuhi tangu Januari, aliyekuwa na alama nzuri za usafi na aliyechaguliwa kwa kura nyingi kuwa msaidizi wa kiongozi wa bwalo, hakuwahi kuzaliwa. Nilimwandika mimi kwenye daftari la mahudhurio. Baba alisoma barua hiyo mara mbili, akavua miwani, akatoa hukumu: nipande mlimani kwa babu, juu ya Tengeru, nikamsaidie kwenye migomba na nimsindikize kliniki ya kisukari mjini.

Babu Melkizedeki ana miaka sabini na moja, ana kahawa, ana ndizi, ni mzee wa kanisa, na ana sukari mwaka wa kumi na moja sasa. Mimi huniita mchumba, kama babu wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na bibi huniita mke mwenza na kuniagiza maji. Kwa hiyo ndoa yetu ina amani.

Jumanne ya kwanza tulishuka kliniki. Hospitali siitaji jina. Babu alipimwa uzito, akapimwa presha, akatobolewa kidole, na sukari ikasoma juu sana. Sista Nusura, muuguzi mwenye sauti ya upole na macho ya mwalimu wa zamu, aliangalia kompyuta, akamwuliza kama anakunywa dawa. Anakunywa. Anakula nini? Mboga, ugali kidogo, ndizi za kupika. Sista akatikisa kichwa kwa mashaka, akamwomba avue kiatu ili akague mguu.

Babu akavua kiatu cha kulia. Sista akaukagua kidole kwa kidole, akaugusa unyayo kwa uzi mgumu kuona kama una hisia, akaandika. Halafu akampiga babu begani.

"Na huo mwingine hongera, babu. Unautembelea utadhani ni wako."

"Nimeuzoea, Sista," babu akajibu kwa unyenyekevu.

 Nimeishi bwenini miaka mitatu, na nikimwona mtu anaficha jambo namtambua kama mpishi anavyotambua moshi. Tuliambiwa turudi baada ya wiki mbili, kwa sababu sukari ile ilikuwa haieleweki.

Siri ilifichuka Jumamosi. Nilikuwa napeleka majani kwa ng'ombe nikamkuta babu nyuma ya zizi, amekaa juu ya ndoo, gambuti moja la mpira pembeni, anauosha mguu wa kushoto kwa maji ya chumvi. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu, kingo zake nyeupe, katikati pekundu. Gambuti lilikuwa limetoboka ndani na msumari mdogo ulikuwa umemchoma, siku gani hajui, kwa sababu mguu wenyewe hausikii vizuri. Nilisema twende hospitali muda huohuo. Babu akanishika mkono, akaniketisha kwenye jiwe, akanieleza.

Kwetu Meru mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Mzee Melkizedeki wa kwanza, aliyebatizwa ukubwani, alikuwa na watoto wa kiume wanne, na kila mmoja akamheshimu baba yake ipasavyo kwa kumwita mwanawe wa kwanza Melkizedeki. Ndiyo maana ukisimama siku ya soko pale Tengeru ukaita Melkizedeki, wanageuka wanaume wanne wenye pua moja. Mmoja wao ni babu yangu. Mwingine anaishi Elerai, tunamwita Babu Mdogo, naye ana sukari vilevile. Miaka miwili iliyopita mguu wake wa kushoto uliharibika, na madaktari wakasema ukatwe. Alikuwa na miaka hamsini na sita, bado hajafikia umri wa kutibiwa bure kama wazee. Babu yangu alikuwa na kadi ya wazee. Kadi ilikuwa na majina mawili tu, la kwao wote wawili na la ukoo, na picha iliyofifia kiasi kwamba ingeweza kuwa ya mwanamume yeyote wa Kimeru mwenye kofia. Babu akamkopesha ndugu yake kadi.

Upasuaji ulikwenda salama, na kila kilichofanyika kikaandikwa kwenye faili la mwenye kadi. Mafaili ya karatasi yalipohamishiwa kwenye kompyuta, mguu ulikatwa mara ya pili, safari hii wa babu yangu, na bila kisu. Wauguzi wapya walisoma, wakaona anatembea, wakaamini ni mguu wa bandia. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuukagua.

"Sasa kwa nini usiwaambie?" nikauliza.

Babu alishusha sauti ingawa aliyetusikiliza ni ng'ombe peke yake. Kwanza, alisema, yeye ni mzee wa kanisa, ataanzaje kusema alikopesha kadi? Pili, na hapa akaangalia kidole chake kwa huruma, kompyuta ni ya serikali.

"Wakikuta mtu na kompyuta havifanani, mchumba wangu, unafikiri watarekebisha kipi?"

Ningependa kusema kwamba nilicheka. Sikucheka. Aliogopa kwa dhati. Alikuwa amekaa na kidonda kile wiki tatu kwa sababu aliamini kwamba siku watakapouona mguu wa ziada, wataukata ili mahesabu yakae sawa. Nikakumbuka kwamba mguu wa Babu Mdogo nao ulianza na kidonda kidogo. Akaniapisha nisiseme neno. Nikaapa, nikiwa nimevunja viapo vingi zaidi ya hicho kwa mambo madogo zaidi, na Jumatatu alfajiri nikamwambia sukari yake inaonekana usoni, kwamba uso umebadilika rangi, na kwamba bibi amesema hivyo pia. Bibi hakusema. Lakini nilipomtazama aliitikia kwa kichwa kama shahidi aliyelipwa, nasi tukashuka mjini bila kungoja wiki mbili ziishe.

Nje ya chumba cha kliniki kuna bango kubwa la haki za mgonjwa. Nimelipita mara kadhaa bila kulisoma, kama watu wote. Siku hiyo nililisoma lote nikiwa nimesimama wima, na tulipoingia nilimsalimu Sista Nusura shikamoo yenye heshima zote, nikasema kwamba mgonjwa anaomba kusomewa taarifa zake tangu mwanzo, kama linavyosema bango, mstari wa nne.

Babu alinikanyaga kwa mguu ambao haupo.

Pembeni ya Sista alikuwepo Bwana Shamsudin wa masjala, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alieleza kwa subira kwamba faili ni mali ya hospitali na halitolewi ovyo kwa watoto.

"Faili ni la hospitali, baba," nikamwambia, "lakini mguu ni wa babu."

Sista Nusura alinitazama kidogo. Kisha akasema bango lilibandikwa ili lisomwe, akamwuliza babu mwenyewe kama anataka kusomewa, maana mimi si mgonjwa.  Babu aliangalia mlango, akaniangalia mimi, akaangalia gambuti lake. Akasema ndiyo, anataka. Sista akageuza kompyuta tuione wote, akaanza kusoma kwa Kiswahili: umri, mwaka aliogundulika, dawa, vipimo. Halafu akafika.

"Mguu wa kushoto, umekatwa chini ya goti."

"Sista," babu akasema, "huo si mguu wangu."

Akainama, akavuta gambuti. Vidole vitano vikatokea. Bwana Shamsudin alisimama, akachungulia, akakaa, akafungua faili upya kana kwamba vidole vile vilikuwa na nafasi ya kubadilika. Babu akaeleza yote, bila kujitetea, kwa sauti ileile anayosomea matangazo kanisani: kadi, ndugu, Elerai, miaka miwili. Mwishoni akasema kama ni lazima kitu kikatwe, wakate jina lake kwenye orodha ya wazee wa kanisa, lakini mguu anauomba.

 Sista alikuwa ameshapiga magoti, amevaa glavu, anabonyeza kingo za kidonda. Aligusa mapigo ya damu juu ya unyayo, akaangalia kina, akaita daktari. Walizungumza, wakapima tena. Mimi nilihesabu vigae vya sakafu, nikakosea, nikaanza upya. Daktari akasema kidonda bado ni cha juu, mfupa haujaguswa, damu inafika. Kitaoshwa, kitafungwa, atapewa dawa, na gambuti lile litupwe leo. Sukari ilipanda kwa sababu ya kidonda. Tungechelewa mwezi mmoja zaidi, maneno yangekuwa mengine.

"Hatukati miguu ili kuridhisha kompyuta, babu," Sista akamwambia akifunga bandeji. "Ila kesho uniletee huyo ndugu yako. Mguu huu uliokatwa lazima una mwenyewe, na mwenyewe sijamwona kliniki miaka miwili."

Ilikuwa kweli. Babu Mdogo hakuwa na faili. Kila kitu chake kiliandikwa kwa mwingine, naye aliogopa kurudi asije akaulizwa kadi. Alikuwa ananunua vidonge kwa kukadiria. Kesho yake tulimfuata Elerai, akaja na magongo yake, akalalamika njia nzima kwamba anapelekwa polisi. Walikaa kwenye benchi wakiwa wamevaa kofia zinazofanana, na kila muuguzi aliyepita aliwatazama wawili hao, akaangalia chini, akahesabu. Bwana Shamsudin alitumia saa mbili kutenganisha: kipimo hiki cha huyu, upasuaji huu wa yule. Ofisi ya ustawi wa jamii iliwaandikisha maelezo, ikawaonya wote wawili, kisha ikamwelekeza Babu Mdogo namna ya kupata bima yake mwenyewe. Babu alijiripoti kanisani kabla mtu mwingine hajamripoti. Mchungaji alimpa kazi ya kuwahamasisha wazee wenzake wakapime miguu, na kwa taarifa nilizonazo sasa wanamkwepa.

Baada ya wiki tano, nikiwa nimepewa ruhusa ya wikiendi kutoka shule, ambako natazamwa kwa karibu, niliwasindikiza tena. Sista Nusura alifungua bandeji, akatabasamu. Ngozi ilikuwa imefunga, laini na ya waridi kama ya mtoto. Sukari ilikuwa imeshuka mahali pake. Babu aliomba asomewe kilichoandikwa, na safari hii Bwana Shamsudin alisoma mwenyewe, kwa fahari kidogo.

"Mguu wa kushoto: upo. Kidonda kimepona."

Babu akaomba asomewe tena. Akaomba mara ya tatu, akiwa amefumba macho. Kisha akaomba karatasi yake aende nayo nyumbani, na mashine ikaitoa.

Babu Mdogo alisubiri zamu yake, magongo yakiwa ukutani. Yeye pia alisomewa kila kitu, dawa, vipimo, tarehe ya kurudi, hadi kwenye mguu.

"Hapo sawa, haupo," akasema. "Lakini ongezea kwamba ulikuwa mguu mzuri. Ulicheza mpira wa mkoa."

Bwana Shamsudin akasema kompyuta haina nafasi ya maneno kama hayo. Sista Nusura akamwambia aitafute.